Nilimtangaza Mama kwa Kipaza Sauti

Nimekosa, ndugu zangu, na sitafuti wa kunitetea. Nilimvunjia mama yangu heshima mbele ya Ifakara nzima, tena huku napigiwa makofi! Nakueleza wewe usiyenijua, maana wanaonijua walinisifu, na sifa zao zinaniwasha mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, bado tunavuka mto Kilombero kwa pantoni. Mama aliuza vitumbua Kibaoni. Akaota uvimbe kwenye titi, akanyamaza nao mpaka ukawa kidonda. Siku aliyonionyesha aliniambia, "Baba, hii ni yako na mimi. Usimwambie mtu."

Daktari akasema ni kansa, aende Dar upesi. Upesi kwa lipi? Hatukuwa na kitu!

Nilichokuwa nacho ni miguu. Mtaa wetu mzima wa Lipangalala walinijua kwa baiskeli. Nikapata wazo: nipande baiskeli mpaka Mahenge, kule juu milimani, na kwa kila kilima nitakachokwea bila kushuka, watu wamchangie mama mpunga, kwa kuwa mavuno yalikuwa karibu. Wazo zuri, au sivyo? Ndiyo maana linaniuma.

Jumapili baada ya misa nikaazima kipaza sauti, nikasimama sokoni. Nikasema mama anaumwa, basi. Watu wakaguna. Miaka ile ukikonda tu, kila mtu ana jibu lake. Mmoja akapayuka, "Sema kweli, kijana! Si ndiyo huu ugonjwa wetu wa siku hizi?" Wakacheka.

Damu ikanichemka. "Si UKIMWI!" nikafoka. "Ni kansa ya titi! La kushoto, limeoza, nimeliona kwa macho yangu!"

Ee Mungu wangu, mdomo huu!

Hapo ahadi zikamiminika. Huyu debe, yule gunia. Mzee Masanja, jirani yetu Msukuma mwenye ng'ombe, akanivuta pembeni. "Ukifika juu bila kushuka, ndama jike mmoja ni wa mama yako. Lakini mwenyewe umemuuliza?"

"Atafurahi tu, mzee," nikamjibu. Pumbavu mimi!

Kesho yake vitumbua vilirudi nyumbani ndoo nzima. Nani ale vitumbua vya mwenye titi lililooza? Mama hakunigombeza. Aliwamwagia kuku, akaosha kikaango, akakitundika ukutani. Wanawake wakawa wanakuja kumpa pole, macho yote kifuani kwake. Akaacha hata kwenda kusali jumuiya.

Na mimi nilikuwa wapi? Mazoezini! Asubuhi Kivukoni na kurudi, jioni Kivukoni na kurudi. Sikukaa naye hata kidogo, jamani, na nyumba ni moja.

Siku ya safari nilimgongea kumuaga, akasema amechoka, niende salama. Nikaenda na vijana wawili wa kunishuhudia. Vilima vyote nilikwea, mguu wangu haukugusa chini. Nikalala Mahenge, kesho yake nikateremka. Kuanzia pantoni mpaka Kibaoni watu wanapuliza filimbi. Nyumbani nikakuta kufuli.

"Mama yako kavuka tangu jana," jirani mmoja akaniambia. "Kasema anakwenda kuamia ndege shambani."

Shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo, kando ya barabara ileile ya Mahenge. Nilikuwa nimetoka kulipita!

Nikageuza baiskeli. Nikamkuta juu ya dungu, kichanja cha mlinda shamba, kombeo la kufukuzia ndege mkononi. Hata shikamoo sikumpa, nikaanza: mama, mpunga upo, ndama yupo, twende Dar!

"Nilikuona unapita na shati lako jekundu," akasema. "Nikataka nikuite. Nikaona uko na wenzako, nikainama nisionekane."

Nilimbembeleza mpaka mpunga ukavunwa. Akakataa katakata. "Nitibiwe kwa titi langu lililotangazwa sokoni? Niache, baba." Alikuja kukubali vuli imeanza, Mzee Masanja alipomsihi mwenyewe. Dar daktari akampima, akaniuliza tulikuwa wapi miezi yote hiyo. 

Mama hakuifikia Krismasi. Yule ndama tulimchinja matangani.

Wewe mwenye mgonjwa, changisha, kimbia, kwea milima, sikukatazi. Lakini kwanza kaa naye kitako, umuulize: niseme nini, nisiseme nini? Akikwambia usiseme, afadhali ukachekwe wewe sokoni kuliko kumwanika yeye.

Siku hizi daraja lipo, na mimi bado situlii, napanda baiskeli kwenda ng'ambo bila hata safari ya maana. Ila nikifika penye lile shamba nashuka. Naikokota polepole, natazama upande wa mpunga, asije akawa yupo mtu anataka kuniita.