Draiva Aliyetoka Mbarara

Enzi zetu kule Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mtandao ulifuatwa kwa miguu mpaka Base Camp, kwenye ukuta wa ofisi moja yenye waifai. Lakini kompyuta ya kaka yangu Jospin haikuushika hata pale. Aliinunua ya mtumba, nzito kama tofali, ikinuka vumbi lililoungua kila ikiwashwa, na kadi yake ya waifai ilishakufa. Watoto wa siku hizi, mtandao ukikwama kidogo wanasonya. Wasingeiweza ile hata asubuhi moja.

Mama alitaka kitu kimoja tu: kumwona dada Neema, kifungua mimba wake, aliyehamia ng'ambo na mumewe. Sauti tuliisikia kwenye simu, sura hapana. Mama alishaanza kusema anaisahau.

Jospin akapata kadi kutoka kwenye kompyuta mbovu ya rafiki yake. Alifungua skrubu kwa kisu cha jikoni, akaichomeka, akabana nyaya nyembamba za antena huku tukikatazwa hata kupumua karibu. Taa ya waifai haikuwaka. "Inakosa draiva," akasema. Draiva yenyewe, ile programu ya kuiamsha kadi, iko kwenye mtandao, na mtandao haupatikani bila draiva! Ikabidi aende mjini Mbarara kuichukua kwa flashi.

Jioni mama akapakua bugali na sombe ya majani ya muhogo, akafunika sahani moja pembeni. Tukamuuliza ni ya nani.

"Ya draiva. Mutu atoke Mbarara yote ile, afike hapa alale na njala?"

Tulicheka mpaka machozi. Jospin aliporudi, sahani akaila yeye.

Kesho yake akaiweka ile draiva, taa ikawaka. Mama akavaa kitenge cha kanisani, akajipaka mafuta, tukatembea mpaka Base Camp. Sura ya Neema ikaja vipande vipande. Mama akagusa kioo.

"Mbona umekonda vile, mutoto wangu? Banakupa chakula huko?"

Kisha picha ikaganda, Neema akiwa mdomo wazi, na mama akaendelea kuitazama mpaka betri ikaisha.

Siku hizi Neema hupiga kila jioni, picha safi hadi mvi zake naziona. Wanangu humpungia mkono bila kuinua vichwa, maana wanajua kesho atakuwepo tena. Mama ametutoka. Namkumbuka sana saa hizo. Juzi Neema aliniomba nisogee kwenye mwanga, akaniangalia kwa makini.

"Unaanza kufanana na mama," akasema.

Nikakaa pale pale, sikusogea, anitazame.