Mama Sare na Ile Video

Binti yangu anashona sare za shule. Watu wamesahau jina lake, wanamwita Mama Sare. Cherehani iko sebuleni, karibu na dirisha. Watoto wa mtaa mzima amewapima viuno tangu wakiwa na mapengo. Mikono yake haina mchezo. Mdomo nao haupoi. Huo kamrithi mama yake, Mungu amrehemu.

Ana mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anabalehe. Mwaka huu simu ilimteka. Alama zikaporomoka. Mama Sare akawa halali kwa mawazo. Kwenye kundi la wazazi, kule kwenye simu, wakamshauri amtie aibu kidogo, ataacha.

Basi akamsimamisha mbele ya cherehani, akamwambia ataje alama zake huku anamrekodi. Mtoto akataja. Alipofika hisabati akashindwa, akalia mpaka kamasi. Mama Sare akaituma video kundini, wazazi wenzake waone kuwa yeye hachezi.

Mimi naonekana nyuma, namenya viazi. Sikuinua hata kichwa. Marehemu mke wangu angekuwepo, ile simu ingeruka dirishani.

Binti yangu hakufikiria kwamba simu za wazazi ndizo hizo hizo wanazochezea watoto. Kesho yake darasa zima lilikuwa nayo. Mtoto akarudi kabla ya mchana, akavua sare, akajifungia chumbani. Shule hakwenda tena. Wiki ikakatika.

Jumamosi akaja mama mmoja na binti yake kupimwa sketi. Akamsifu fundi, eti wazazi wote wangekuwa hivyo watoto wangenyooka. Mama Sare alikuwa amepiga magoti, utepe kiunoni mwa yule binti. Yule binti, kwa mzaha tu, akavuta kamasi, akaigiza: "Hisabati... hisabati..."

Mama yake akacheka.

Utepe ulimdondoka Mama Sare. Akasema leo hapimi tena. Sijawahi kumwona binti yangu akikosa pa kuweka macho.

Akawaomba kundini waifute. Wengine wakafuta. Lakini ilishafika mbali.

Jioni akanawa uso, akabadili gauni, akanipa simu. Alitaka nimrekodi akimwomba mtoto radhi, watu wote waone. Nikawa bado natafuta pa kubonyeza, mlango wa chumbani ukafunguka.

"Babu, weka chini hiyo simu," mtoto akasema.

Nikaiweka.

"Haya, mama. Niambie mimi."

Mama Sare, na mdomo wake wote ule, akasimama tu. Mwisho akakaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa.

"Nimekukosea, mwanangu. Niliogopa utaharibikiwa, nikakuanika."

Mtoto akawa anachezea kitasa.

"Jumatatu utanisindikiza."

"Mpaka getini?"

"Mpaka darasani. Na wewe wakuangalie."

Nilidhani binti yangu atakataa. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaichukua ile sare, akaipiga pasi, ingawa haikuwa na mkunjo.

Jumatatu walipotoka walinikuta mlangoni, nimeshavaa viatu. Hakuna aliyeniita. Lakini na mimi nimo kwenye ile video.