Mtama kwa Kiingereza

Mke wangu alifua mashuka ya hospitali miaka kumi na mmoja. Kila shuka likiletwa, utamsikia akiuliza, "Aliyelalia hili anaendeleaje?" Sasa akataka kuingia wodini, awe muuguzi msaidizi. Mwisho wa kupokelewa ni miaka arobaini, na yeye zilimbakia wiki sita aifikishe. Mara mbili alikuwa ameangushwa na misemo ya Kiingereza kwenye mtihani. Akianguka na safari hii, ndiyo basi tena.

Mimi ni kinyozi, na mdomo ninao, nakiri. Alibandika misemo yake kwenye kioo changu cha kazi, wateja wakawa wanasoma huku nawanyoa. Mmoja akauliza, "Fundi, hivi Mwingereza akipiga ndoo teke, kwa nini afe?"

"Kamuulize mwenye ndoo! Mimi nimeshika wembe hapa, usinichekeshe."

Mke wangu alikuwa na mbinu yake: kila msemo wao anautafutia mwenzake wa kwetu. Wao mtu akitoboa siri wanasema amemwaga maharage. "Loo, huo mbona rahisi," akasema. "Sisi si tunamwaga mtama?"

"Mama watoto, utakuja kuchanganya nafaka wewe."

Akanisonya, akaendelea kukariri.

Siku ya mtihani wa mdomo alirudi uso umemshuka. Walikuwa watahini watatu. Wakamuuliza kwa Kiingereza: mgonjwa akikuambia siri yake, usifanye nini? Akajibu bila kusita, kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba hatamwaga mtama. Mtama! Watahini wakatazamana, kisha mama aliyekaa katikati akacheka mpaka akavua miwani.

"Nimejiaibisha, baba watoto," akaniambia, akakaa kwenye kiti cha wateja, akalia.

Nilikuwa na utani tele wa kumchokoza, wallahi, nikaumeza wote. Roho iliniuma. Nikamshika bega tu.

Wiki mbili zikapita kimya. Ijumaa moja namnyoa jamaa mmoja, nimefika nusu ya kichwa, mara mke wangu huyo anaingia mbio na kanga ya kazini bado imelowa maji, bahasha mkononi. "Soma wewe, mimi siwezi!"

Nikasoma. Amepokelewa. Chini kabisa yule mama wa miwani alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Neno lilikuwa maharage. Njoo Jumatatu."

Mke wangu akapiga kigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Mimi mashine ikaniponyoka, machozi yakanitoka mbele za watu, na wala sikuona haya. Nikamkumbatia palepale.

Jamaa akajitazama kwenye kioo, nusu ana nywele, nusu hana. "Fundi, na upande huu je?"

"Subiri kidogo, kaka. Huoni naongea na muuguzi?"