Mchicha wa Bondeni

Kazi yangu ni kupima maji ya kijito kinachopita nyuma ya soko, hapa Bagamoyo. Mvua kubwa ikianza, navaa buti za mpira nakwenda pale mtaro wa barabara ya lami unapomwaga maji kijitoni, nakinga chupa zangu nazipeleka maabara. Maji ya mwanzo ndiyo mabaya zaidi. Huja meusi, na mafuta ya gereji na harufu ya vyoo vilivyofurika.

Chini kidogo ya hapo ndipo alipokuwa na bustani shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Alilima mchicha na matembele, akimwagilia maji ya kijito hicho hicho. Alipoanza, huko juu kulikuwa na minazi na majani tu. Nyumba na lami vilikuja baadaye.

Masika moja majibu yalitoka mabaya mno. Vijidudu vya kinyesi vilijaa hata siku ambazo mvua haikunyesha. Mkuu wangu akasema wakulima wote wa bondeni waambiwe. Nikamwomba aniache niende kwa shangazi mimi mwenyewe.

Nilimkuta ameinama kwenye tuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Kuna msiba?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akifuta udongo mikononi kwa ncha ya kanga.

"Maji haya nimeyanywa nikiwa na mimba," akasema.

"Yale yalikuwa mengine, shangazi. Haya yanatoka mtaroni."

Akauliza taratibu, "Yule mtoto wa jirani aliyeharisha hata akalazwa. Ni mchicha wangu?"

"Hilo siwezi kulijua."

"Lakini yawezekana."

Shangazi hakungoja jibu. Aling'oa mboga za tuta la kwanza, akahamia la pili, nami nikaingia kumsaidia kwa sababu sikujua la kufanya. Tulichimba shimo tukafukia mboga zote, mtu asije akaziokota. Jioni akaenda mwenyewe kwa mama wa yule mtoto, akamwambia kila kitu. Mama yule alimpokea kwa adabu, lakini tangu siku hiyo hakumtuma tena mtu nyumbani kwetu, hata kuomba chumvi.

Taarifa yetu ilipelekwa kwa wahusika. Mtaro uko vile vile.

Kabla ya mwaka kwisha shangazi alihamia kijiji cha Fukayosi kwa mdogo wake. Nilipomtembelea niliona uwanja mpana nyuma ya nyumba, na kisima cha maji safi.

"Lima hapa, shangazi," nikamsihi. "Maji haya nimeyapima. Ni mazuri."

"Nakuamini, mwanangu." Aliyatazama maji ndani ya ndoo ya kisima. "Ila moyo wangu umekataa."

Mchana ule tulikula wali na maharage. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono, akaniuliza kama yule mtoto alipona vizuri. Nikamwambia alipona, anasoma. Akaniuliza tena.