Jeti ya Tanga, Hewa ya Malvern

Kwanza nimtaje aliyenitia katika dhiki ile, maana watu wakisimulia mambo yao hupenda kuwasitiri wabaya wao. Mimi simsitiri. Ni mtoto wa shangazi yangu. Tulitoka naye Tanga, tukaja huku kusini kabisa, tukalala chumba kimoja hapa mtaa wa Malvern, tukala sahani moja. Siku niliyogongwa na dereva wa teksi aliyepita roboti, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu (na huyo naye namtaja, popote alipo anajijua), nililazwa hospitali, nikawekwa chuma kwenye mguu wa kushoto. Nikiwa kitandani huko, mtoto wa shangazi akaifungua pikipiki yangu kipande kipande. Kabureta akauza, ekzosi akauza, shokapu za nyuma zote mbili akauza. Kisha akahama bila kuaga. Nilirudi na magongo nikaikuta ukutani, imekaa kitako kama mbwa.

Walionilisha miezi ile si damu yangu. Ni jirani wa mlango wa pili, Mkongo wa Bukavu, na mke wake. Mume analinda geti usiku, mke anashona nguo uani. Wao walokole, wakiimba bati linatetemeka, na mimi Mwislamu wa kuswali nikikumbuka. Lakini mama yule hakuwahi kunikabidhi bakuli kimya kimya. "Kula, Papa. Nyama nilinunua kwa Msomali," anasema, ndipo anageuka kurudi kwenye cherehani yake. Ndugu yangu wa damu hakuniachia hata bolti.

Sasa habari ya mguu. Kwenye pikipiki, mguu wa kushoto ndio wa gia. Kazi yangu ni kupelekea watu chakula majumbani, na wateja wangu wengi wako Observatory, mlima mtupu. Nikikanyaga gia mara nyingi, kile chuma kinanichoma mfupani. Nyuma ikidunda kwenye shimo, machozi yananitoka ndani ya helmeti. Kwa hiyo nilijua mapema: pikipiki ikipanda mlima bila kunilazimisha kuteremsha gia kila kona, na ikikaa laini, kazi ninayo. Isipoweza, naiuza, narudi Tanga kukaa barazani kwa dada yangu, niulizwe kila asubuhi naendeleaje.

Spea nilizipata Jules Street, si za kiwandani kwake. Ekzosi yenye tundu kubwa, kichujio cha hewa kilicho wazi, kabureta, na shokapu za kukaza na kulegeza. "Sharp, baba, ukifunga hii inaruka," muuzaji aliniambia. Kuruka kweli iliruka, nitafika huko.

Nilifunga mwenyewe. Shule niliacha darasa la nne nikaingia gereji, na kule kwetu kanuni ilikuwa moja: ukipanua ekzosi na ukifungua hewa, injini inavuta upepo mwingi, basi iongezee petroli. Kuna kipande cha shaba chenye kitundu ndani ya kabureta, tunaita jeti. Petroli inapita hapo. Unatoa chenye tundu dogo unaweka chenye tundu kubwa. Nikaweka kikubwa kama nilivyozoea. Springi za nyuma nazo nikazikaza mpaka mwisho, kama tunavyokaza bodaboda.

Sikufika hata nusu ya mlima. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, nikateremsha gia, nikateremsha tena, ikazima. Kabla ya hapo shimo moja lilikuwa limenirusha nikatua na mguu mbovu. Nilirudi nikiiserereza mteremkoni, namlaani mtoto wa shangazi kwa kila jina alilopewa na asilopewa.

Asubuhi jirani akaingia getini kutoka lindo, sare bado mwilini, akanikuta nimekaa chini naitazama.

"Mukubwa, jana nilikusikia. Ile haikuwa moteri, ilikuwa muzee wa kikohozi."

"Niache, bwana. Naiuza."

Akachukua spana, akafungua plagi, akaigeuza juani. Nyeusi tii.

"Hii plagi ao ni makaa ya mama ya kukaangia samaki?" Akamwonyesha na mke wake, wakacheka. "Weye uliweka jeti ya wapi?"

"Jeti ya kawaida. Ndivyo tunavyofanya kwetu."

"Njo maana. Kwenu bahari iko pale, hewa nzito. Huku tuko juu, kama kwetu Bukavu, hewa nyembamba. Unamupa mutu wa pumzi kidogo ugali ya watu watatu. Si atakabwa?"

Nilibisha. Mtu wa pwani kufundishwa pikipiki na mtu wa milimani! "Nyinyi mna pikipiki nyinyi? Si mnasukuma chukudu tu, baiskeli za mbao?"

"Chukudu ni ya Goma, weye! Hata kutukana hujui."

Nikacheka mpaka chuma kikauma. Tukaweka jeti ndogo, akashusha sindano ya kabureta kijino kimoja, akakaa na bisibisi kwenye skrubu ya hewa, anageuza, anasikiliza, anageuza. Alikuwa hajalala tangu jana yake, macho mekundu. Injini ikaacha kukohoa, ikatulia.

Kisha akasukuma kiti cha nyuma kwa kiganja. Hakikushuka.

"Unabeba nani huku?"

"Sibebi mtu. Boksi la chakula."

"Sasa mbona umekaza ya kubeba baba, mama na mbuzi?"

 Mikono yangu ilikuwa bado inafunga pikipiki ya Tanga, ya kubeba mishikaki ya abiria. Akalegeza springi, akamwita mkewe aje na futi ya kushonea. Mama akapima nyuma nikiwa nimesimama kando, kisha nikiwa nimekaa juu ya pikipiki.

"Kaa vizuri, Papa. Usibane tumbo. Hapa hatupimi suruali."

Wakalegeza na kupima mpaka uzito wangu ukaishusha upana wa vidole viwili hivi. "Enda," jirani akasema. "Panda mulima."

Nilipanda. Kona ya kwanza mguu wangu wenyewe ulijiandaa kukanyaga gia, nikauzuia. Injini ikavuta. Kona iliyofuata ikavuta, sauti nzito, haina kikohozi. Lile shimo nililikuta palepale, halmashauri hawana habari nalo, na hao pia nawataja. Nyuma ikazama, ikainuka taratibu. Mguu ukaniuma kidogo tu, maumivu ya mtu anayefanya kazi. Juu Observatory sikusimama. Niligeuza, nikarudi kusema ahsante.

Nilipokaribia, mama alikuwa amesimama getini, kidole mdomoni. Nikazima injini.

"Alikataa kulala mpaka urudi," akaninong'oneza. "Ulipopita pale kwa roboti akasikiliza, akasema iko sawa. Akalala palepale."

Nikamwona kwenye kiti uani, viatu vya lindo miguuni, mdomo wazi, futi ya mke wake ingali mapajani. Ahsante yangu ikabidi isubiri. Nikaisukuma pikipiki kwa mikono mpaka ndani, polepole, nikiuegemea ule mguu wa chuma, nisimwamshe.