Kijiko cha Samli cha Baba

Kwa miaka yote niliyomjua, baba yangu alianza siku kwa kijiko cha samli ya moto, kisha kahawa chungu. Mazoea hayo aliyapata kwa babu, aliyekuwa akinunua samli kwa wafugaji wa Igunga na kuiuza hapa Tabora mjini. Ya dukani hakuiamini hata siku moja. Ya kwetu ililetwa kwa basi, ndani ya dumu dogo, naye aliipaka mgongoni mwa mkono, akaisugua, akainusa, ndipo aseme ni samli.

Mwaka juzi alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda siku mbili tu ukarudi mahali pake, lakini moyo wangu mimi haukurudi. Daktari alisema apunguze mafuta, hasa ya wanyama. Apunguze, ndivyo alivyosema. Mimi nilisikia marufuku. Nililificha dumu nyuma ya gunia la mkaa, nikahamia mafuta ya alizeti, nayo nikawa nayapima kwa kifuniko cha chupa. Nyama niliichuna mafuta yote mpaka paka wa jirani akahamia kwetu.

Kaka yangu anayeishi Mwanza alinicheka. Kila siku alinitumia ujumbe wa sauti.

"Dada, hayo mambo ya kizamani. Siku hizi wanasema mafuta hayana kosa, kosa ni sukari na hayo masahani ya wali. Mbona babu alikunywa samli mpaka uzeeni?"

Nikamjibu kwamba babu alikwenda Igunga kwa baiskeli, baba anakwenda msikitini kwa bajaji. Tulibishana mpaka tukanuniana. Akinitumia video ya mtaalamu wake, nami namtafuta wangu wa kumpinga, na wote wamevaa koti jeupe. Nikizima simu nabaki na hofu ileile, tena imeongezeka.

Kwa huruma, kingine chochote sikumnyima baba. Chai niliitia vijiko vinne vya sukari, tende zilikuwa mezani, wali sahani imejaa. Nilijiona mtoto mwema kweli. Kisha kliniki wakampima, wakakuta sukari imepanda. Daktari hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu tupunguze vyote, mzee atembee, dawa asikose.

Asubuhi iliyofuata nililitoa dumu. Niliyeyusha samli kidogo, nikachota nusu kijiko, nikampelekea baba bila kujua kama namlisha au namuua. Alikitazama kijiko, akanitazama mimi.

"Mbona unatetemeka?"

"Naogopa, baba."

"Unaogopa samli?"

"Naogopa kila kitu. Naogopa utakufa kwa mkono wangu."

Hakukasirika, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mwanangu, ukitaka nile majani nitakula. Ila acha kunitazama koo ninapomeza. Tangu niugue, hujaniacha nikala tonge moja kwa raha."

Niliona haya. Nikampa kijiko, nikageukia dirishani kama alivyotaka. Kisha nikabana pumzi, nikasikiliza kama amemeza.