Joka Lilipokunywa Ziwani

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza nilikuwa bado mtoto kabisa. Sare ilinipwaya, na nikimkumbuka Bibi nilijificha bafuni nikalia. Shule yetu ilikuwa ya binafsi, ya bweni, upande wa Pasiansi, pembezoni mwa jiji, imejengwa juu ya mawe yanayoteremka mpaka ziwani. Mimi nilitoka kisiwani Ukerewe. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa mjini, nami nilikuja na ulimi wa kwetu unaochanganya herufi. Siku ya kwanza niliazima kalamu, ikatoka "karamu." Neema, aliyelala kitanda cha juu yangu, akauliza ni harusi ya nani. Darasa zima likacheka. Nikanyamaza muhula mzima.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa ziwani tukifua, wasichana kama kumi. Hewa ilikuwa nzito, haina upepo. Wingu jeusi lilikuwa limetanda juu ya maji, na chini yake kikaanza kushuka kitu chembamba kama mkia. Maji nayo yakainuka kukipokea. Vikakutana. Nguzo ya kijivu ikasimama kati ya ziwa na mbingu, ikizunguka, ikitembea bila haraka.

Nililijua. Bibi alikuwa amenisimulia: ni joka la ziwani, likishikwa na kiu huinuka kunywa. Usilinyooshee kidole. Usilipigie kelele. Jifiche nyuma ya jiwe kubwa, uiname, unyamaze mpaka lishibe.

Neema alikuwa kwenye jiwe la mbele kabisa, mawimbi yakimlowesha miguu.

"Jamani, oneni kile!" akasema, kidole kimenyooka.

Nguzo ikapinda, ikaanza kuja kwetu.

Sauti iliyonitoka sikuitambua. "Shusha kidore! Neema, rudi! Wote nyuma ya jiwe!"

Hakuna aliyecheka. Wenzangu walikimbia, lakini Neema alikuwa amekufa ganzi. Nikashuka, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka tukaanguka pamoja nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote. Tukainama. Kikaja kishindo ambacho mpaka leo sijapata cha kukifananisha nacho. Nilikisikia kifuani kabla ya masikioni. Mabeseni yaliruka. Mashati meupe yalipanda angani yakizunguka, madogo, madogo zaidi, yakapotea. Kisha kimya. Halafu dagaa wakaanza kutuangukia mgongoni, wazima, wakirukaruka juu ya mawe.

Neema aliokota mmoja, akamtazama kiganjani, akaniuliza kwa kunong'ona, "Wewe ulijuaje?"

Hakuna aliyeumia. Pale aliposimama Neema, jiwe lilikuwa limesafishwa, hakuna hata mwani.

Jumatatu mwalimu wa jiografia, mtu wa Moshi, alichora ubaoni jinsi hewa ya joto inavyopanda na kujisokota juu ya maji. Kisha akaweka chaki mezani. "Mimi hili nimelisoma tu," akaniambia. "Wewe umeliona. Njoo utueleze, na hayo ya kwenu usiyaache."

Nilisimama mbele ya darasa nikasema yote, herufi zikichanganyika zilivyotaka. Neema alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani, akinisikiliza kama mtu aliye kanisani.

Jioni matroni aliniazima simu yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamwambia kwamba nimeliona joka, na kwamba nilifanya kama alivyonifundisha.

"Mimi sijawahi kuliona," akasema. "Mama yangu ndiye aliyeniambia, naye sijui kama aliliona. Hebu niambie, likoje?"

Sasa mimi ni mtu mzima, na ule mchoro wa ubaoni nauamini. Lakini nikikumbuka kishindo kile, maelezo yote hunitoka kichwani, nikabaki na hofu na heshima, na sitaki kuviondoa. Watu hudhani nilikua siku ile nilipomvuta Neema. Mimi naona nilikua ile jioni ya Jumatatu, nikiwa nimesimama nje ya ofisi ya matroni, mzee aliyenifundisha kila kitu akisubiri nimweleze. Nilifumba macho, nikavuta pumzi, nikaanza na lile wingu.